Mrija mmoja, ndama arobaini

Ukitaka kuelewa kwa nini chanjo ya ndigana kali ilishika mizizi kwa wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania tangu 1998, usianzie maabara. Anzia kwenye mrija. Ni mwembamba, unabeba nusu mililita tu, lakini ndani yake mna dozi zipatazo 40. Hukaa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukishatolewa, ukayeyushwa na kuzimuliwa, haurudi tena mtungini, na dawa yake inapaswa kuisha ndani ya saa chache. Mwenye ndama 6 akiufungua peke yake, anamwaga dozi 34.

Ndiyo maana siku ya chanjo huanza na hesabu kabla ya sindano: boma hili lina ndama wangapi, lile wangapi, nani bado yuko malishoni, nani hajapata fedha. Wakifika 40, mtaalamu wa mifugo anafungua mrija.

Ugonjwa wenyewe huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Anamwachia ng'ombe kimelea kiitwacho Theileria parva; tezi iliyo chini ya sikio inavimba, homa inapanda, mapafu yanajaa maji. Katika makundi ya Wamaasai, ndama wasiochanjwa wamekuwa wakifa kati ya 20 na zaidi ya 50 katika kila 100. Kwa familia inayoishi kwa maziwa, hiyo ni sehemu kubwa ya kizazi kizima cha kundi.

Kinga yake ilitengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, na mantiki yake ni ya kijasiri: mwambukize ndama, kisha mtibu papo hapo. Anachomwa vimelea hai vya aina tatu chini ya ngozi karibu na sikio, na wakati huohuo anapata oksitetrasaiklini inayodumu mwilini kwa siku kadhaa. Dawa inaupooza ugonjwa huku mwili ukijifunza kupigana nao. Inatosha mara moja tu.

Lakini tazama kazi hiyo inavyohitaji mikono. Dawa ya kutibu hupimwa kwa uzito, mililita 1 kwa kila kilo 10, na porini hakuna mizani. Kwa hiyo mmoja anazungusha utepe kifuani mwa ndama na kusoma kilo. Vijana wawili wanambana kwenye kibanio, mwingine anatoboa sikio na kutia hereni ya waliochanjwa, mtaalamu anachoma. Ukikosea uzito kwa kupunguza, unaweza kumwua ndama kwa chanjo yenyewe. Sijaona familia moja inayoweza kufanya haya yote kwa ndama 40 kabla jua halijawa kali.

Kisha yanafuata majuma mawili matatu ambayo wataalamu huyapitia haraka mno katika maelezo yao. Baadhi ya ndama hupata homa na lazima watibiwe mapema. Nani atawaona? Kwa Wamaasai, ndama wako mikononi mwa wanawake. Mama anayekamua asubuhi ndiye anayejua kwamba yule mwenye baka jeupe leo hakunyonya. Kampeni yoyote inayowakusanya wazee chini ya mti na kuwasahau akina mama inaacha nje jicho lake bora zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kuchanja pamoja, nayo ni nzito kuliko bei ya dozi zinazomwagika. Kwa kuwa vimelea ni hai, baadhi ya ng'ombe waliochanjwa hubaki navyo mwilini, na kupe anaweza kuvihamisha. Ndama hawaendi mbali. Wanalisha karibu na boma, kwenye olopololi, malisho yaliyotengwa kwa ajili yao na ambayo majirani hutumia pamoja. Ukichanja wako na kumwacha wa jirani, unaweza kuwa umempelekea ugonjwa kwenye nyasi zilezile.

Hapa ndipo ninapouona ufundi halisi. Wamaasai hawakuhitaji kufundishwa ushirika ili chanjo ifanye kazi: olopololi ilikuwepo, zamu za kuchunga zilikuwepo. Mrija wa dozi 40 uliingia mahali palipokuwa na watu waliozoea kuhesabu ndama kwa pamoja. Mahali ambapo kila mtu ana ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya ua wake, mrija huohuo unakuwa kikwazo, kwani kumi na tisa wengine wa kujazia idadi hawajazoea kuitana.

Nawaomba maofisa mifugo wa wilaya: kabla ya kujaza mtungi, pitieni nyumba za hao wenye ng'ombe wawili wawili, waandikeni majina, wapangieni siku moja na mahali pamoja. Hiyo nayo ni sehemu ya chanjo.