SADAKA YA MWENYE DUKA NA PICHA YAKE

Tarehe 3 Desemba, 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia mji wa Katesh, Mkoa wa Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki. Watu walitoa unga, mablanketi na magodoro, na hilo ni la kushukuriwa.

Lakini kila ufikapo msiba, picha ni ile ile: mwenye duka amesimama mbele, jina la duka limeandikwa kwa herufi kubwa, na aliyefiwa ameshikishwa mfuko wa unga akitazama chini. Nani hapo anayesaidiwa, na nani anayetangazwa? Suratul Baqara, aya ya 264, yatuonya kuwa kusimbulia na kuudhi huiharibu sadaka. Je, kumwanika mtu katika siku ya dhiki yake si kumuudhi?

Tena, picha hiyo haionyeshi daftari la madeni. Mwenye duka dogo hana shehena ya kugawa. Akiumaliza mtaji, kesho naye ataomba. Lakini daftari analo, na humo mna majina ya waliokopa sukari na mafuta kabla nyumba zao hazijaanguka. Aya ya 280 yaamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojewe, na kumsamehe ni bora zaidi. Atoaye mifuko kumi mchana, kisha jioni akamwandama mjane kwa deni, ametoa nini?

Ewe mfanyabiashara, futa mstari mmoja katika daftari lako. Hapana atakayeupiga picha, lakini yuko Auonaye.