Maji ya Nyamira Yakifika Ziwani Huenda Wapi?

Mvua ya Aprili ikishanyesha Nyamira, teka maji ya mto kwenye chupa, uiache mezani usiku kucha. Asubuhi utakuta udongo mwekundu umetulia chini. Hilo lilikuwa shamba la mtu, na lilikuwa safarini kwenda Ziwa Victoria. Mto Kuja, unaoanzia vilima vya Kiabonyoru, hupitia Kisii na Migori hadi ziwa kuu. Mto Sondu humwaga maji yake katika Ghuba ya Nyanza. Baada ya hapo?

Hakuna boti iwezayo kupima kilomita za mraba 68,800 kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Chrispine Nyamweya na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walitumia ROMS, programu iliyoundwa kwa ajili ya bahari. Ndani ya kompyuta ziwa hukatwa vyumba vidogo vidogo, vikapangwa kwa matabaka yanayofuata mabonde na miinuko ya sakafu yake. Wakaipa programu kina halisi cha ziwa, maji ya mito na hali ya hewa. Kompyuta ikapiga hesabu chumba kwa chumba: maji kiasi gani yanahamia kwa jirani, na yana joto gani. Hesabu ilianza tarehe 1 Januari 2000 ikaishia 31 Desemba 2014.

Hesabu hiyo ilionyesha kwamba Septemba hadi Mei, maji ya vuguvugu hulala juu ya yale ya baridi, na oksijeni haishuki vizuri. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huupoza uso wa ziwa. Maji ya juu huwa mazito, yakazama, na ziwa likajikoroga. Kwa mvuvi wa mbuta hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa samaki huyo huyakimbia maji yasiyo na oksijeni.

Lakini jibu zito kuliko yote linatuhusu sisi wa milimani. Hesabu zilionyesha kwamba ghuba na ziwa kuu hubadilishana maji kidogo sana. Mlango wa ghuba, pale Rusinga, ni mwembamba. Nionavyo mimi, udongo na mbolea vinavyoshushwa na Sondu havipati njia ya kutokea haraka. Hubaki humo humo, mbele ya Kisumu na Homa Bay, vikirutubisha magugu maji.

Wenye mashamba ya mteremko upande wa Sondu, pandeni nepia kwenye matuta kabla ya mvua ijayo.