Hiace ya Mizigo Inapokula Mafuta: Kipimo Kwanza, Nozeli Baadaye

Gharama ya mafuta ikipanda kwenye gari la kusambaza bidhaa jijini Dar es Salaam, kwa kawaida hufuata mambo mawili: gari hupelekwa gereji kuoshwa nozeli na kubadilishwa plagi, na dereva huanza kutazamwa kama mwizi. Yote hayo hutokea kabla ya mtu yeyote kujua gari linatembea kilomita ngapi kwa lita. Utaratibu huo umepinduka, na anayeumia zaidi ni dereva anayekatwa mshahara kwa kosa la breki iliyokwama. Fedha zilizotumika hazifai kuwa kipimo, kwa sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo mpya za mafuta kila mwezi. Gharama inaweza kupanda wakati gari linakula kilekile. Kipimo ni kujaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, kuandika namba ya odometa, kufanya kazi kama kawaida, kisha kujaza tena kwenye sheli ileile na kugawa kilomita kwa lita zilizoingia. Wapo watakaosema pampu hukata pasipo uhakika, na ni kweli: tofauti ya lita mbili katika lita hamsini ni asilimia nne. Lakini kosa hilo hupungua ukijumlisha ujazo wa mara nne au tano, na hasara inayostahili kutafutwa huwa kubwa kuliko hiyo.

Kipimo kikishapatikana, mahali pa kwanza pa kuchunguza ni themostati, kwa kuwa magari mengi ya kwetu hayana. Mafundi huitoa kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na injini itachemsha. Hoja hiyo haisimami. Katika injini nyingi za petroli za Toyota kifaa hicho huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi za Selsiasi, na kikishafunguka maji hupita kwenda kwenye rejeta. Kazi yake ni kuizuia injini isikae baridi. Kikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, sensa ya joto huiambia kompyuta kwamba injini bado baridi, na kompyuta huendelea kumimina petroli ya ziada kama ilivyopangiwa. Gari la safari ndefu huweza kuvumilia hali hiyo kwa kiasi, lakini gari linalozimwa kila duka na kuwashwa tena hurudia upotevu huo siku nzima, na kwenye baridi ya Mbeya au Arusha hali huwa mbaya zaidi. Mtu akisema, "Gari langu likiwa nayo linachemsha," jibu ni kwamba rejeta imeziba, feni haivuti au mfuniko haushiki presha. Ugonjwa huo bado upo; kuondolewa kwa themostati kumeuficha tu.

Baada ya hapo ni magurudumu. Pini za kaliper zikikauka grisi, pedi hubaki zimegusa diski hata mguu ukiwa umeondoka kwenye breki, na injini husukuma gari dhidi ya breki yake yenyewe. Hili halihitaji mashine: endesha kilomita chache bila kufunga breki kwa nguvu, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikitoa joto zaidi kuliko nyingine, mkosaji amepatikana. Upepo wa tairi nao usipimwe kwa kulipiga teke. Kiwango cha gari lenye mzigo kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi pembeni mwa mlango wa dereva. Filta ya hewa ni habari nyingine. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya kisasa ya nozeli mwaka 2009 na kuona kuwa filta iliyoziba hupunguza nguvu ya gari, lakini haibadilishi kwa maana ulaji wa mafuta, kwa kuwa kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa inayoingia. Ibadilishwe kwa afya ya injini, bila kutarajia iokoe mafuta.

Hasara iliyobaki iko barabarani. Gari la tani 2.5 likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa limebeba kilojuli 240 hivi za mwendo, na kila likifungwa breki kabisa nishati hiyo yote huwa joto. Injini ikigeuza robo tu ya nishati ya petroli kuwa mwendo, kusimama mara moja kunagharimu mililita 30, yaani visimamo thelathini na kitu humaliza lita moja. Ndiyo maana dereva anayeachia mafuta mapema gari likiwa ndani ya gia huokoa: nozeli hufunga kabisa, ilhali yule anayetia nyutro kwenye mteremko huiacha injini iendelee kunywa ya kuzungukia. UPS, kampuni ya Marekani ya kusambaza vifurushi, ilijenga mfumo wa kupanga njia uitwao ORION, na kwa hesabu ya kampuni hiyo huokoa galoni milioni 10 kwa mwaka, karibu lita milioni 38. Mfanyabiashara wa Kariakoo atasema yeye hana kompyuta hizo na wateja ndio wanaopanga saa. Wapo wanaopanga, lakini si wote. Wanaobaki wanaweza kupangwa kwa daftari, mzigo mzito ushuke mapema kama hauzidishi umbali, na maduka ya upande mmoja wa barabara yamalizwe kabla ya kukata kulia kuvuka foleni.

Haya yakishafanyika, kila moja kwa wakati wake na kupimwa kwa ujazo kadhaa, kilomita kwa lita zikabaki palepale, hapo ndipo fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta, aangalie kwanza sensa ya oksijeni, na mwisho afungue nozeli.