Jina Juu ya Jalada: Mapenzi, Mauti na Umilikaji wa Maneno katika The Ghost and Mrs. Muir

Ni desturi filamu ya The Ghost and Mrs. Muir (1947), iliyoongozwa na Joseph L. Mankiewicz, kuwekwa katika fungu la kazi zinazodai kwamba mapenzi huyashinda mauti. Usomaji huo hutegemea karibu kabisa onyesho la mwisho, ambapo mjane aliyezeeka anakata roho kitini, kisha anainuka akiwa kijana kama zamani na kuondoka na mpenzi wake aliyekufa kabla hawajaonana. Onyesho hilo halina ubishi kwa uzuri wake. Hata hivyo, lina dakika chache tu, nalo limetanguliwa na miaka mingi ambayo filamu yenyewe imechukua taabu kuionyesha. Makala haya yanashikilia kwamba mgogoro wa kimsingi wa kazi hii hauko baina ya uhai na mauti. Uko baina ya anayesema na anayeandika, na suala linaloibuka ni hili: maneno yaliyozaliwa katika mapenzi hayo ni mali ya nani, na nani ana haki ya kuyafuta?

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Lucy Muir (Gene Tierney), mjane wa mwaka mmoja, anaihama nyumba ya mama mkwe na wifi yake huko London. Akiwa na binti yake Anna na mtumishi wake Martha, anakodi nyumba ya pwani iitwayo Gull Cottage, ambayo wakala anamsihi asiikodi kwa kuwa ina mzuka. Mzuka huyo ni Nahodha Daniel Gregg (Rex Harrison), baharia ambaye watu wanaamini alijiua, ilhali yeye mwenyewe anasisitiza kwamba alikipiga teke kipasha-moto cha gesi akiwa usingizini. Wawili hao wanazozana, wanaafikiana, na hatimaye wanapendana. Mapato ya mjane yanapokauka, nahodha anamwandikisha kumbukumbu za maisha yake ya baharini. Kitabu kinachapishwa na nyumba inanunuliwa. Njiani anatokea mwanamume aliye hai, Miles Fairley (George Sanders), naye nahodha anajiondoa.

Neno mzuka limetumiwa hapa kwa makusudi. Mzimu huvuta fikra kwenye mahali pa tambiko na kwa wahenga wa ukoo; pepo humpanda mtu na kudai chano; koma huwasumbua jamaa waliowasahau. Gregg si jamaa ya Lucy, hadai sadaka, wala hampandi mtu kichwani. Anazuka tu, kisha anabishana. Msomaji wa riwaya ya Kiswahili aliyelelewa na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa hulivua tukio la ajabu joho lake na kumfichua binadamu aliye nyuma yake, atatazamia hila ya namna hiyo hapa pia. Hataipata. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, aliieleza fantasia kuwa ni ile hali ya kusitasita baina ya maelezo ya kimaumbile na yale ya kimuujiza. Mankiewicz na mwandishi wa mswada, Philip Dunne, wanaipindua kanuni hiyo. Hadhira haipewi muda mrefu wa kusitasita: katika onyesho la jikoni, mishumaa ikiwa imezimika, Lucy anamtaka mzuka ajitokeze kama si mwoga, naye anajitokeza. Kusitasita kunakuja baadaye sana, na kunampata mhusika, si mtazamaji. Hadhira inajua, Lucy ndiye anayefanywa asijue. Maumivu ya filamu hii yamejengwa juu ya tofauti hiyo.

Maonyesho ya uandishi ndiyo kitovu cha kazi, nayo yanastahili kutazamwa kwa karibu zaidi kuliko inavyofanywa. Nahodha anatembea chumbani na kusimulia; Lucy ameketi mbele ya mashine ya kupiga chapa. Yeye ana mdomo usio na mikono, na mjane ana mikono ambayo jamii haijawahi kuipa mdomo. Wanapofika kwenye neno chafu la kibaharia, Lucy anakataa, kisha anaipiga mashine mara nne, herufi moja moja. Hadhira hailisikii wala hailioni neno hilo, maana kanuni za udhibiti wa filamu za Marekani wakati huo zisingeliruhusu; ila inasikia vidole vyake. Hiki si kichekesho tu. Ni mara ya kwanza katika filamu ambapo mwanamke huyu, aliyefunzwa na wakwe zake hata namna ya kukaa, anaandika jambo asiloruhusiwa kulitamka.

Lakini jalada la kitabu halina jina lake, wala halina jina la Gregg. Mwandishi anatajwa kama Captain X. Mchapishaji, kabla hajasoma, anamdhania Lucy kuwa mmoja wa wanawake wasioridhika na maisha yao ambao humletea miswada isiyo na faida. Anaposoma hadithi ya kiume iliyojaa bandari na ngumi, uso wake unakunjuka. Katika ofisi hiyohiyo Lucy anakutana na Fairley, mwandishi wa vitabu vya watoto anayejiita Uncle Neddy, ambaye kwa kweli hawapendi watoto hata kidogo. Kila anayeandika katika filamu hii, basi, hujificha. Kinaya hiki kinazidi kuwa kikali ikikumbukwa kwamba riwaya ya 1945 iliyozaa filamu hii ilitolewa kwa jina la R. A. Dick, nalo lilikuwa lakabu ya mwanamke, Josephine Leslie. Ili hadithi ya mwanamke anayeandika kwa sauti ya mwanamume isomwe, ilibidi nayo ipite sokoni bila jina la kike. Si lazima mhakiki aamini kwamba Mankiewicz alikusudia ulinganifu huo. Umo, na unasomeka.

Zaidi ya hayo, nahodha ndiye anayemwita mjane Lucia, kwa madai kwamba Lucy ni jina la wanyonge. Wako watakaoliona jina hilo kuwa zawadi, na kwa kiasi fulani ni zawadi, kwa kuwa Lucia anathubutu mambo ambayo Lucy hakuyathubutu. Ila mtu hapewi jina jipya na mtu asiye na mamlaka juu yake. Ustadi wa uigizaji wa Tierney ni kwamba analipokea jina hilo kwa furaha, na bado anaukata mti wa nahodha uliokuwa mbele ya nyumba ili apande mawaridi. Nahodha anaghadhibika, mawaridi yanabaki.

Hapo ndipo onyesho la kuaga linapopata uzito wake. Lucy amelala. Nahodha, akiisha kuona kwamba moyo wa mjane umemwelekea Fairley, anamsemesha usingizini: yote yalikuwa ndoto, hapakuwa na mzuka, na kitabu amekiandika yeye mwenyewe kutokana na nyumba hii na picha ya nahodha ukutani. Kisha anazitaja bahari ambazo wangezisafiri pamoja lau wangekutana wakati wote wawili wangali hai. Harrison anayasema maneno hayo bila kupaza sauti, na muziki wa Bernard Herrmann, ambao tangu mwanzo umekuwa ukipanda na kushuka kama maji, unayabeba. Hadhira nyingi hulia, na ni haki yao. Hata hivyo hapana budi kuuliza ni nini kinachotendeka. Mwanamume anafanya uamuzi kwa niaba ya mwanamke aliyelala. Anamwondolea kumbukumbu yake bila kumshauri. Na kama malipo anamwachia hakimiliki ya kitabu, lakini kwa njia ya uwongo. Lucy anakuwa mwandishi kwa mara ya kwanza katika usiku uleule anaoporwa ushahidi wa namna alivyoandika. Uungwana na uporaji vimekaa katika sentensi zilezile, na ukuu wa onyesho hilo ni kwamba haliruhusu kimoja kitenganishwe na kingine.

Kuhusu Fairley haifai kusema mengi. Lucy anakwenda nyumbani kwake London, anapokewa na mke wa Fairley, na kutokana na upole wa mke huyo anatambua kwamba yeye si wa kwanza kuja. Sanders anaigiza ulaghai kwa raha mno kiasi kwamba uhai, katika mizani ya filamu, haupewi nafasi ya haki ya kushindana na mauti. Huo ni udhaifu. Mzuka angekuwa na mshindani mwenye utu, kujitoa kwake kungekuwa na gharama iliyo wazi zaidi.

Baada ya hapo yanakuja mawimbi. Mpigapicha Charles Lang, ambaye kazi yake hapa iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, anaonyesha kigingi ufukweni kilichochongwa jina la Anna Muir. Maji yanakipiga, kinachakaa na kuinama, miaka imekwisha pita. Jina jingine tena, na safari hii linafutwa mbele ya macho ya mtazamaji. Picha hiyo inasema waziwazi kile ambacho mwisho wa filamu utajaribu kukisahaulisha: kwamba maisha ya mwanamke yamepita akiitazama bahari bila kujua anamkumbuka nani.

Anna anarudi akiwa mtu mzima, na katika mazungumzo anafichua kwamba utotoni naye alizoea kuongea na nahodha. Ushahidi huu unawatatiza wale wanaomsoma Gregg kama kivuli cha matamanio ya Lucy, kwa vile matamanio ya mtu hayamtembelei mwanawe. Lucy anaguswa, lakini anashikilia kwamba ilikuwa ndoto. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyatumia maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani kueleza jinsi marehemu anavyoendelea kuwa miongoni mwa walio hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina lake, na jinsi anavyozama katika Zamani anapotoweka mkumbukaji wa mwisho. Filamu ya Hollywood haiwezi kulazimishwa iingie katika mfumo huo, na Gregg si mhenga. Lakini mtazamaji anayeujua mfumo huo ataona upesi jambo ambalo huenda wengine wasilione: mfu huyu anajizika mara ya pili kwa hiari yake, kwa kulifuta jina lake kutoka kwa mtu aliyelishika, na asichojua ni kwamba mtoto alikuwa amelihifadhi pembeni.

Inabaki saa ya mwisho. Martha, aliyezeeka naye, analeta maziwa ya moto na kutoka. Gilasi inaanguka. Nahodha anasimama mbele ya kiti na kunyoosha mikono, na kwa mara ya kwanza mikono ya wawili hao inakutana, ile iliyoandika na ile isiyoweza kuandika. Anamwambia hatachoka tena, na anamwita kwa jina alilompa mwenyewe, Lucia. Uzee unabaki kitini. Wanashuka ngazi wakimpita Martha, ambaye haoni kitu, na mlango unafunguka kwenye mwanga wenye ukungu. Tangu anapoinuka hadi anapotoka, Lucy hatamki neno hata moja. Hamwulizi nahodha kuhusu ile miaka, wala kuhusu kitabu.