Mizinga Miwili ya Ngome ya Yesu: Ni Nani Walioiburuta?

Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, imewekwa mizinga miwili ya Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kijerumani Königsberg. Wa pili ulitoka katika Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyozamishwa na hiyo Königsberg huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Twakusudia kuupima mpangilio huu kama tupimavyo kitabu: unasema nini, na unanyamaza juu ya nini.

Sifa yake yaonekana mara moja. Mizinga ya mahasimu imesimama pamoja, wala hakuna uliowekwa juu ya mwenzake. Lakini humo humo ndimo ilimo kasoro. Kwa kuioanisha mizinga hii, vita vyafanywa kuwa shindano la meli mbili za Ulaya, na mtazamaji huondoka akidhani kwamba habari imekwisha.

Habari haikuishia baharini. Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi ya milimita 105, wakaipeleka Dar es Salaam, na katika karakana za huko ikaundiwa magurudumu. Toka hapo ikatawanywa katika nchi. Mmoja ulitekwa na Waingereza Bagamoyo mwezi Agosti 1916. Mingine miwili iliyosalia hata leo iko mbali kabisa na bahari: Jinja na Pretoria.

Basi yafaa tuulize: mzinga wa meli uliwezaje kutembea porini? Wanyama wa kukokota walikufa kwa maradhi ya mbung'o. Waliobaki ni watu. Wapagazi kwa mamia, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu, waliivuta kwa kamba katika matope na milima. Pande zote mbili ziliwatumia wapagazi, nao walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kwa watu wa Bagamoyo jambo hili lina uchungu wa pekee, maana mji huo ulijengwa kwa mabega ya wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu miaka mingi kabla ya mzinga huo kufika.

Tulinganishe na jumba la makumbusho la Chicago, ambamo imehifadhiwa nyambizi ya Kijerumani U-505, iliyotekwa na Wamarekani tarehe 4 Juni 1944. Mgeni huingia ndani, akapita kati ya vitanda vilivyobanana, akatambua jinsi mabaharia walivyoishi. Vifaa vyamwongoza kwa watu, ijapokuwa watu hao walikuwa adui. Mizinga ya Mombasa yamwongoza mtazamaji kwenye chuma tu.

Huenda mtu akajibu kwamba makumbusho huonyesha kilichosalia, na mpagazi hakuacha sare wala kitanda. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Kwanza, mzinga wa baharini uliokokotwa nchi kavu wenyewe ni ushahidi wa waliouvuta. Pili, jina la Kariakoo, Dar es Salaam, lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, nalo hutamkwa kila siku sokoni. Tatu, sanamu za Nairobi za enzi ya ukoloni zamwonyesha mpagazi pamoja na askari. Kwa hiyo hata serikali ya kikoloni ilijua kwamba yafaa aonekane.

Hatudai mizinga iondolewe. Twashauri iongezwe ramani ya njia iliyopita mizinga ya Königsberg, toka Rufiji hadi kila mahali ilipotekwa, pamoja na maelezo kwa Kiswahili juu ya kamba, mizigo, chakula na vifo vya waliovuta. Bagamoyo nayo yastahili ramani kama hiyo, mahali penyewe mzinga ulipotekwa. Gharama yake ni ndogo, na watoto wa shule wanaozuru majumba haya watajua kwamba babu zao walikuwamo katika vita hivi, na walivilipia.