Risasi, Marisau na Viasi: Uhakiki wa Istilahi za Zana za Mwindaji wa Ndege

Neno moja likitwikwa mizigo mitatu, anayeelemewa ni msomaji. Hali hiyo yaonekana katika tafsiri za fomu na maelekezo ya uwindaji, ambamo neno "risasi" hutumika kwa madini, kwa kitu kirukacho kutoka mtutuni, na pia kwa zana nzima yenye baruti na fataki ndani yake.

Tuchukue mfano wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, katika nchi ya miombo ya Tabora. Mwindaji wa kwale na kanga hana budi kuamua tangu nyumbani atabeba nini. Mwenye bunduki ya kisasa ya marisau hutia viasi vyake katika shanta, basi. Mwenye gobore, silaha iliyofika Unyanyembe kwa misafara ya karne ya 19, hubeba kila kitu mbalimbali: baruti, fataki, marisau, na mdeki wa kushindilia. Sasa fomu ikiwauliza wote wawili "idadi ya risasi", wa kwanza atahesabu viasi. Wa pili ahesabu chembe, au apime baruti? Akiandika "hakuna", kisha akakutwa na mfuko wa marisau, ataonekana mwongo mbele ya askari wa wanyamapori, ilhali kosa ni la fomu.

Madhara hayaishii hapo. Risasi kama madini ni sumu kwa ndege wanaozimeza chembe zake na kwa watu walao nyama yenye mabaki yake. Mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wahamao baina ya Afrika, Ulaya na Asia, uliokubaliwa mwaka 1995, ulizitaka nchi ziache kutumia marisau ya risasi katika ardhioevu. Mfasiri asiye na neno "marisau" ataandika nini? "Risasi zisizo za risasi"! Msomaji atacheka, na onyo litapotea.

Wako watakaosema kwamba "marisau" na "kiasi" ni maneno ya kale, tena "kiasi" huchanganywa na kipimo. Hoja ya pili ina uzito: "kiasi cha risasi" huleta utata. Lakini "viasi 20 vya marisau" hakumtatizi mtu. Na ukale si kasoro, maadamu neno limo kamusini na kitu chenyewe kingali mkononi mwa watu.

Yafaa pia kuhakiki mpangilio wa orodha. Kisu huwekwa aghalabu chini ya "vifaa vya ziada". Kwa mwindaji Mwislamu, naye si mgeni Tabora, kisu ndicho kimwezeshacho kumchinja ndege aliyeangushwa angali hai. Ziada ya nani, basi? Mtunga istilahi apangaye vitu asivyovijua hupanga desturi za watu wengine.

Twapendekeza hivi: "risasi" ibaki kwa madini na kwa kipande kimoja kirushwacho na bunduki, "marisau" kwa chembe nyingi zirushwazo pamoja, "kiasi" kwa zana kamili. Nayo fomu iulize kwanza aina ya silaha, ndipo iulize kilichobebwa.