Vumbi la Jangwani Juu ya Temeke: Modeli Inapimwaje?

Ukifungua simu ukiwa Tandika au Mbagala, huku Temeke, Dar es Salaam, unaweza kukuta namba ya ubora wa hewa ya saa hiyo pamoja na utabiri wa siku zinazofuata. Pasipo na kipimo cha jirani, namba kama hiyo mara nyingi hutoka kwenye modeli ya kompyuta. Mojawapo ya modeli zinazotegemewa sana ni ya CAMS, huduma ya Umoja wa Ulaya inayoendeshwa na kituo cha utabiri cha ECMWF. Inatabiri siku tano mbele, mara mbili kwa siku, na vumbi la jangwani limo katika hesabu zake. Lakini inaigawa dunia katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 40. Mraba mmoja unaweza kuimeza Mbagala, Kurasini, Ubungo na kipande cha bahari. Vumbi linalotimuliwa na malori ya mchanga halionekani humo. Basi tuulize namba hii ilijaribiwa wapi, na kwa kipimo gani.

Kwa vumbi la jangwani, majaribio mengi hufanyika mbali na kwetu. Mwaka 2007 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilianzisha mfumo wa tahadhari za dhoruba za mchanga na vumbi, SDS-WAS. Kituo chake cha Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Ulaya kiko Barcelona, na huko modeli za taasisi mbalimbali hulinganishwa kwa utaratibu mmoja. Kipimo kikuu ni mtandao wa NASA uitwao AERONET. Kifaa chake hulifuata jua chenyewe na kupima ni kiasi gani cha mwanga kimezuiwa na chembe zote zilizopo kuanzia ardhini hadi juu kabisa ya angahewa. Usiku hakipimi vumbi kwa jua, na wingu likipita mbele ya jua kipimo hakifai. Kwa upande wetu wa pwani, kifaa kama hicho kiliwahi kufungwa Malindi, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano.

Mwanga uliozuiwa ni kipimo kizuri, ila kinaficha mengi. Mwaka 2011 Nicolas Huneeus na wenzake walichapisha ulinganisho wa modeli 15 za vumbi chini ya mradi wa AeroCom. Kwenye mwanga, modeli nyingi zilikaribiana na vipimo: hazikupishana navyo kwa zaidi ya mara mbili. Zilipoulizwa ni vumbi kiasi gani huinuka duniani kwa mwaka, majibu yalianzia takriban tani milioni 500 hadi zaidi ya tani milioni 4,000. Kwenye vumbi lililo karibu na ardhi na lile linalotua, tofauti na vipimo ilifika mara kumi. Na hilo la karibu na ardhi ndilo mkazi wa Temeke analolivuta puani.

Inawezekanaje modeli zikubaliane juu na kukosana chini namna hii? Kwanza, chembe kubwa zina uzito mwingi lakini huzuia mwanga kidogo ukilinganisha na uzito huo, hivyo modeli inaweza kuongeza mamilioni ya tani na mwanga usibadilike sana. Pili, waundaji wengi huweka namba moja inayozidisha vumbi lote linaloinuka, kisha huipandisha na kuishusha mpaka matokeo yafanane na mwanga uliopimwa. Ukishafanya hivyo, kuisifu modeli kwa mwanga huohuo ni kumpongeza mwanafunzi aliyepewa majibu kabla ya mtihani.

Kuna pia suala la upepo. Ukishavuka kasi ya kuanza kuinua mchanga, vumbi huongezeka takriban kwa kasi ya upepo iliyopandishwa kwenye kipeo cha tatu. Upepo ukizidishwa kwa asilimia 10 tu, vumbi huzidi kwa asilimia 33. Ndiyo maana mimi ningeanza kuukagua upepo kule Somalia na Arabuni kabla ya kuligusa vumbi lenyewe.

Tukirudi Dar es Salaam, utaratibu wa Barcelona unagonga mwamba. Wataalamu hutambua vumbi kwa kipeo cha Ångström: chembe zikiwa kubwa, kipeo hushuka. Katikati ya Sahara hilo linatosha. Hapa kwetu chumvi ya bahari nayo ni chembe kubwa, na kusi inaileta kutoka Bahari ya Hindi. Mpimaji akikitumia kipeo hicho kama kilivyo, ataihesabu chumvi kuwa vumbi, kisha ailaumu modeli kwa kutoliona. Moshi wa mashamba yanayochomwa unapotosha kinyume chake, kwa sababu chembe zake ndogo hupandisha kipeo na kulificha vumbi lililochanganyika nao. Wastani wa mwaka mzima kwa hapa hauna maana. Miezi ya kaskazi, upepo unaotoka upande wa Somalia na Arabuni, kuanzia Desemba, lazima itengwe peke yake.

Tuchunge pia asilimia za usahihi. Mwaka 1884 Mmarekani John Finley alitangaza kwamba utabiri wake wa vimbunga vya nchi kavu ulikuwa sahihi kwa asilimia 96.6. Wakosoaji wakaonyesha kwamba aliyesema "hakuna kimbunga" kila mara angepata 98.2. Ukizitoa siku tulivu, kati ya matukio 123 yaliyotabiriwa au yaliyotokea kweli, Finley alipatia 28. Vumbi la jangwani ni mgeni wa nadra Temeke, kwa hiyo modeli isiyolitabiri kamwe ingeng'ara kwa usahihi na isimsaidie mtu yeyote.

Mimi ningefunga vipimo viwili vya chembe, vinavyofanya kazi usiku na mchana. Kimoja kwenye paa la chuo cha DUCE, Chang'ombe, na kingine Kunduchi, upande ambako kaskazi inaingilia. Kemia ya vichujio vya vipimo hivyo itaitenga chumvi. Ni vigumu kwayo kulitenga vumbi la barabarani na la jangwani, kwa kuwa nalo ni udongo, ila hilo hupanda asubuhi na jioni pamoja na msongamano wa magari, na Chang'ombe litazidi. Vumbi la jangwani litapanda Kunduchi na Chang'ombe karibu wakati mmoja, hata saa nane za usiku barabara zikiwa tupu. Ongezeko hilo la pamoja ndilo la kuweka mezani mbele ya modeli, saa kwa saa, kwa misimu kadhaa ya kaskazi.